Barua Zilizosomwa Mara Mbili

Kazi yangu ya kwanza ya maana niliifanya Moroni, kisiwani Ngazija, katika miaka ya mamluki: kumsomea mzee mmoja barua ambazo hazikuwa na jina lake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Mshahara ulikuwa wa wastani, kazi yenyewe nyepesi, na sharti lilikuwa moja tu, nisimwambie mtu yeyote ninafanya nini. Nilikubali haraka mno. Nilidhani kunyamaza ni jambo rahisi kwa mtu asiye na wa kuzungumza naye.

Na kweli sikuwa naye. Wazazi wangu ni watu wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, lakini mimi nilizaliwa Unguja, nikasoma huko mpaka nikaota ndevu, kisha tukarudi Nzwani na Kiswahili changu mdomoni. Kule Mutsamudu waliniita mtu wa Unguja. Nilipovuka kwenda Moroni kutafuta riziki wakaniita Mnzwani, na kila nilipofungua kinywa dukani mtu alicheka pembeni, maana lugha ya Nzwani na ya Ngazija zinafanana kiasi cha kukupa moyo na kutofautiana kiasi cha kukuaibisha. Basi nikajifunza kununua vitu kwa kidole. Mkate huu, samaki yule. Nilipanga chumba mtaa wa Badjanani, hatua chache kutoka Msikiti wa Ijumaa wa zamani, kwenye kichochoro chembamba hata jirani wa mbele akikohoa nilimpa pole bila kupaza sauti. Hakuwahi kuniitikia.

Mzee aliyeniajiri alikuwa mfanyabiashara wa vanila na mafuta ya mlangilangi. Alikuwa mtu wa Itsandra, mji wa jirani, mwembamba, mwenye mwavuli mweusi aliotembea nao kiangazi na masika. Kila Alhamisi asubuhi alikuja kwa miguu mpaka kwenye chumba cha chini cha nyumba moja ya Badjanani, ambacho ndicho kilikuwa ofisi yetu: kabati la chuma, meza, kiti kimoja chake na kigoda kimoja changu. Mali yake karibu yote aliitia katika mfuko wa hisani aliouanzisha mwenyewe, na kanuni zake aliziandika kwa mkono zikatosha ukurasa mmoja. Mfuko ungesomesha vijana, ungenakili vitabu vya kale kabla havijaliwa na mchwa, ungewasaidia wapiga ala na mafundi wa mikono, na ungejenga vitu vya faida kwa watu wote. Jina haukupewa. Wenye shida waliandika kwa sanduku la posta, na kwa hiyo mji mzima uliuita Sanduku. Mama akiwa na mtoto aliyefaulu na hana uwezo, majirani walimwambia aandikie Sanduku. Sanduku ni la nani, hakuna aliyejua.

Mimi nilisoma maombi, nikazunguka vijijini kuangalia kama yaliyoandikwa ni ya kweli, nikajibu. Lakini kazi aliyoijali zaidi mzee ilikuwa barua za shukrani. Yeye herufi za Kiarabu alizisoma vizuri, Kifaransa hakukijua, na wanafunzi wetu waliokuwa ng'ambo walipenda kuandika Kifaransa ili tuone wanavyosonga mbele. Basi nilimtafsiria. Barua zilianza kwa namna zote za ajabu. "Kwa Mheshimiwa Usiyejulikana." "Kwa Bwana au Bibi wa Sanduku." Kijana mmoja aliandika tu "Baba," halafu akaomba radhi kwenye mstari wa pili. Mzee alisikiliza akiwa ameshika mpini wa mwavuli. Nikimaliza alisema, "Rudia." Mara ya pili alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Kila barua, mara mbili, hata ile iliyokuwa na mistari mitatu ya kuomba viatu. Mwanzoni nilikereka, maana tumbo langu lilikuwa na saa yake. Baadaye nilielewa kwamba nami Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo mtu alitaka nirudie kusema kitu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Mngazija hahitaji kuelezwa. Kule Ngazija mwanamume hawi mtu mzima kwa umri. Anakuwa mtu mzima kwa kufanya ada, ile ndoa kubwa ya dhahabu, ng'ombe na karamu za mji mzima, ambayo watu hujiandalia nusu ya maisha yao. Kabla ya hapo wewe ni mwana wa mji, hata ukiwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Bangweni, yaani kwenye uwanja wa mji wenye mabaraza ya mawe, watu wazima hukaa juu na wana wa mji hukaa chini. Watu wazima husema, wana wa mji husikiliza. Nyama ikigawanywa, kila mmoja hupata fungu la daraja lake. Mzee wangu alikuwa amepita miaka sabini, naye alikaa chini na vijana waliokuwa bado wanasoma. Na kwa kuwa kila mtu alijua anayo mali, walimwita mkono wa birika. Walisema anaiwekea harusi ya peponi. Alikuwa akisikia.

Sababu yake aliniambia mara moja tu, siku ya mvua, tulipokuwa tumekwama ofisini. Ujanani alioa kwa ndoa ndogo, akaanza kumnunulia mkewe dhahabu ya ada, kipande baada ya kipande, kwa miaka mingi. Ilipobaki kidogo tu, mke akafariki. Ukoo ukamshauri amwoe binamu wa marehemu kwa dhahabu ileile.

"Bangili zile zilipimwa kwenye mkono wake," alisema. "Ningemvisha nani?"

Nikamuuliza, kama ndivyo, kwa nini basi afiche hisani yake.

"Wakijua ni mimi watasema nimepita mlango wa nyuma, nimetaka ukubwa bila ada." Kisha akaniuliza kama barua zimekwisha.

Mimi nilimwona mkaidi, na nadhani alikuwa mkaidi kweli. Lakini mambo aliyoyafanya yalikuwa yakionekana kila mahali, na nikipita nayaona peke yangu nilijisikia kama mtu aliyemeza kitu kikubwa. Kulikuwa na birika la maji ya mvua katika kijiji kimoja cha mlimani, maana Ngazija haina mto hata mmoja, na wanawake wa kijiji kile waliacha kushuka mbali na ndoo. Kulikuwa na nyuzi za udi na fidla mbili za chama kimoja cha taarabu, ambacho kilipiga harusini bila kujua ala zake zimelipiwa na nani. Na kule Mutsamudu kulikuwa na familia moja ya wanazuoni iliyokuwa na makasha ya vitabu vya mababu, Sanduku likalipa watu wa kuvinakili ukurasa kwa ukurasa.

Kazi hiyo ya vitabu ilinifikisha kwetu mara mbili kwa mwaka. Mama yangu aliniuliza ninafanya kazi gani Moroni.

"Karani, mama."

"Wa nini?"

"Wa vanila."

Akanivuta kola akainusa. "Karani wa vanila na hunuki vanila hata kidogo," akasema, akaenda kunipakulia chakula. Hakuniuliza tena, na hilo liliniuma kuliko maswali. Nilikuwa nimekuwa mwongo kwa mtu pekee aliyenijua tangu utotoni.

Sasa mamluki. Serikali ya wakati ule ilisimama kwa nguvu za Wazungu wachache wa kukodiwa na askari wao waliovaa nguo nyeusi, na kitu walichokichukia zaidi ni wanafunzi wa ng'ambo, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakiandika na kusema. Mmoja wa wanafunzi wetu, kijana mwenye kichwa kizuri na asiye na akili ya kuficha, alitia siasa katika barua yake ya shukrani. Barua ikafunguliwa njiani. Alhamisi moja asubuhi, kabla mzee hajafika, gari lao lilisimama mwanzo wa kichochoro kwa kuwa halikuweza kupita, akaja Mzungu mmoja na askari wawili wa hapahapa. Mzungu akakaa kwenye kiti cha mzee bila kukaribishwa.

Alitaka kujua ni nani anayewalipia wanafunzi. Nikasema mimi karani tu. Akaamuru kabati limwagwe. Barua za miaka yote zikaenea sakafuni, na askari mmoja, aliyekuwa akijitahidi asizikanyage, alinitazama kana kwamba anaomba radhi. Ndipo nikamwona mzee mlangoni na mwavuli wake.

Nilimkonyeza apite zake, kama mpita njia. Aliona, akaingia.

"Muulize anataka nini."

"Anamtaka mwenye Sanduku, mjomba."

Akaziangalia barua zake sakafuni. "Mwambie ni mimi."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, na mimi ndiye niliyepaswa kulitafsiri. Mzungu akatoa kijitabu mfukoni, akauliza jina, akauliza linaandikwaje, akaliandika. Kisha akamtazama mzee kuanzia kofia mpaka miguu yenye vumbi la njia ya Itsandra, akainuka, akamsogezea kiti. Walichukua barua tatu, wakaondoka. Hawakurudi tena, sijui kwa nini. Labda walimwona mzee tu, asiye na madhara.

Nilipiga magoti nikaanza kuokota makaratasi. Mzee alikuwa amekaa.

"Umeona?" alisema. "Amenipa kiti."

Nikamtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Tangu siku ile nilijua jambo ambalo ukaidi wake ulinificha kwa miaka: alitamani mara moja tu kabla hajafa mtu ainuke ampishe, na mtu aliyempisha alikuwa mamluki. Katika visiwa vyote hivi, mahali pekee jina lake lilipoandikwa kama mfadhili ni katika kijitabu cha yule Mzungu. Nikikumbuka hilo hasira hunipanda hata leo.

Mwaka uliofuata, mwanafunzi wa kwanza kabisa wa Sanduku alirudi kutoka ng'ambo akiwa mwalimu, na ukoo wake ukamfanyia ada mapema, maana siku hizo wajomba walikuwa wamepata uwezo. Karamu ilifanyika bangweni, katika mji wa mzee. Mwalimu alipopewa nafasi ya kusema alimshukuru Mungu, mama yake, wajomba zake, halafu akamshukuru mwenye Sanduku, "ambaye unyenyekevu wake unamzuia kujitaja." Akasema hivyo akimwangalia bwana mkubwa mmoja aliyekaa juu, mwenye joho lililodariziwa dhahabu. Watu wote wakamwangalia yeye. Mji ulikuwa umekwisha kuamua zamani kwamba Sanduku ni lake, kwa sababu ni nani mwingine angeweza. Bwana yule akainamisha macho kwa tabasamu dogo la haya.

Mimi nilikuwa nimekaa chini kabisa, mahali pa wageni na wana wa mji, bega kwa bega na mzee. Sahani yetu ilikuja ya mwisho. Alikula polepole, akasafisha mikono, akamshukuru kijana aliyekuja kuondoa sahani. Njiani nikamuuliza anajisikiaje.

"Nyama ilikuwa na mifupa mingi," alisema.

Mvua za kaskazi zilipoanza akaugua. Hakuweza tena kuja Moroni, nikawa mimi ndiye ninayempelekea barua Itsandra, katika chumba alichokaa nyumbani kwa dada yake. Alilala akanisikiliza, akasema rudia, lakini sauti ilikuwa imepungua. Nikapiga moyo konde. Niliazimia kuvunja ahadi. Nilitaka kitu kimoja tu, watu wa mji wake wajue akiwa angali hai, wamwite juu, hata ikibidi wambebe.

Nilijiandaa siku tatu. Niliyapanga maneno kwa Kingazija, nikayasema chumbani mpaka ulimi ukazoea. Ijumaa, baada ya sala, watu walipokwisha kukaa bangweni, nikasimama. Nikaamkia kama inavyotakiwa.

"Kwezi."

"Mbona," akaitikia mkubwa wa baraza kwa upole, maana ndivyo kwezi inavyojibiwa. Kisha akaniuliza, "Ada umefanya mji gani, mwanangu?"

Nikasema sijafanya.

"Basi keti."

Hakunifokea. Mtu nyuma yangu aliigiza ile kwezi yangu kwa lafudhi ya Kinzwani, wakacheka kidogo, mazungumzo yakaendelea kuhusu paa la msikiti. Nikaketi na maneno yangu yote kooni. Miaka sita nilikuwa nimemtazama mzee akikaa chini kimya, na bado nilisahau kwamba kimya kile kilikuwa changu pia. Kwenye uwanja ule, aliyejua hakuwa na ruhusa ya kusema. Nilijiona mjinga, na nilijiona peke yangu kuliko siku yoyote tangu nishuke melini.

Jioni ileile nilikwenda kwa bwana mwenye joho. Alinikaribisha barazani kwake, akaagiza chai. Nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sura yake haikubadilika.

"Mimi sijasema hata siku moja kwamba ni langu," alisema. "Wamesema wao."

"Basi sema kwamba si lako, mjomba. Wewe watakusikiliza."

"Wataniuliza la nani. Nikiwaambia ni la mwana wa mji, wataona namkejeli yeye, au nimezeeka." Akasukuma kikombe karibu yangu. "Kunywa, chai inapoa."

Nikanywa. Mpaka leo sijui kwa nini nilikunywa ile chai.

Habari Itsandra hazilali. Alhamisi nilipofika mzee alikuwa ameegemezwa mito.

"Nimesikia ulisimama."

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

"Wakakwambia nini?"

"Wakaniambia niketi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka dada yake akaja mlangoni kutazama kuna nini. Akaniashiria nisogee. "Sasa tuko wawili," alisema, akanishika mkono, hakuuachia muda mrefu. Siku hiyo hakuuliza barua.

Alifariki wiki mbili baadaye. Mwenye ada akifa miji husimama. Yeye alizikwa na jamaa zake, mimi, na vijana wa baraza la chini ambao ndio waliobeba jeneza. Mwalimu wetu alikuwa akipita njiani na vitabu kwapani. Akaviweka ukutani, akaja akatia bega, akabeba hatua kama ishirini, kama Mwislamu yeyote anavyofanya kwa maiti asiyemjua. Kisha akampisha mwingine, akachukua vitabu vyake akaenda kazini. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili.

Wosia ulikuwa mfupi. Waliokuwa wanasoma wasomeshwe mpaka mwisho, kisha mfuko ufungwe. Chumba cha ofisi Badjanani kikarudi kwa dada zake, kwa kuwa kule nyumba ni za wanawake, na walinipa muda wa kutosha kuondoa vitu. Mwavuli walinipa mimi. Nikamuaga jirani wa mbele. Siku ile aliitikia.

Asubuhi ya safari nilipita posta kwa mazoea, nikakuta barua moja. Nilikaa nayo mfukoni melini safari nzima. Bandarini Mutsamudu makuli walikuwa wakipakua saruji, nikapita katikati ya vumbi lao na sanduku langu la nguo na mwavuli, nikapanda vichochoro mpaka nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nikakaa karibu yake, nikaitoa ile barua. Sikuwa na mwingine wa kumsomea.

Ilitoka kwa binti mmoja aliyekuwa anasomea uuguzi Madagaska. Nilimtafsiria mama taratibu. Binti alisema amefaulu. Alisema kwa mara ya kwanza amefunga kidonda cha mgonjwa peke yake na mgonjwa hakulalamika. Mwishoni aliandika: "Nikirudi nataka nikupikie kwa mkono wangu. Sikujui jina wala sura, lakini niambie tu nilete sahani nyumba gani, na unapenda sehemu ipi ya nyama, nikuwekee wewe kwanza."

Nilipomaliza nikaanza tena kutoka juu. Mama akasimamisha mikono.

"Mbona unarudia? Nimesikia."

"Ndivyo zinavyosomwa, mama."

Akaniacha nikasoma mpaka mwisho. Kisha akapepeta ungo wake, akaupuliza, akauliza barua hiyo ilikuwa ya nani.

"Ya mtu mzima mmoja wa Ngazija," nikasema.